Kutoka Ghala la Kyela Hadi Madirisha ya Brussels: Safari ya Kufuata Kokoa

Jumatatu, Brussels

Pasaka ni Jumapili hii, kwa hiyo madirisha ya katikati ya mji yamejaa mayai ya chokoleti, sungura, kuku na kengele. Watoto wa hapa huambiwa kwamba kengele za makanisa husafiri kwenda Roma kabla ya Pasaka, na zikirudi hudondosha mayai bustanini. Ndiyo sababu kengele ya chokoleti inauzwa kando ya sungura.

Nimekuja kufuata kokoa. Kwetu Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, tunailima chini ya migomba, na kazi yangu katika chama cha msingi ni kukagua mbegu zinazoletwa ghalani: nazipima unyevu, nazikata kuangalia rangi ya ndani, nazinusa kama zina ukungu au moshi. Magunia yakishapakiwa kwenye lori, habari zake kwetu huishia kwenye bei ya mnada. Safari hii nimebeba kifurushi cha mbegu zetu pamoja na cheti cha afya ya mimea, na maswali mengi.

Mwenyeji wangu ni mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Butembo, anayeishi Ixelles, sehemu ya Brussels, miaka mingi. Kaka yake analima kokoa upande wa Beni. Jana usiku aliponifungulia mlango alinikumbatia, akasema, "Karibu mwanangu, kula kwanza, chokoleti haikimbii." Leo asubuhi akanielekeza pa kuanzia.

Pa kuanzia ni Galeries Royales Saint-Hubert, njia ndefu ya maduka yenye paa la kioo iliyofunguliwa mwaka 1847, mwendo mfupi kutoka Grand-Place. Mwaka 1857 Jean Neuhaus, mtu mwenye asili ya Uswisi, alifungua humo duka la dawa. Dawa za zamani zilikuwa chungu, na inasimuliwa kwamba alizifunika kwa chokoleti ili zimezeke. Mjukuu wake, aliyeitwa Jean pia, ndiye aliyeibadilisha biashara. Mwaka 1912 alitengeneza gamba jembamba la chokoleti na kulijaza kitu laini ndani. Akaliita pralini. Duka bado lipo palepale.

Lakini aliyenishika zaidi ni mkewe, Louise Agostini. Kabla yake chokoleti zilifungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama zile za karanga, na za chini zilifika nyumbani zimepondeka. Mwaka 1915 akabuni boksi dogo la karatasi ngumu, jembamba chini na pana juu, linaloitwa ballotin. Mimi ni mtu wa ghala, najua mzigo mzuri unavyoharibika kwa kifungashio kibaya. Gamba jembamba lenye ujazo laini halivumilii kubanwa. Bila boksi la mama huyu, uvumbuzi wa mumewe ungebaki kitu cha kuliwa palepale dukani.

Nilisimama kumtazama muuzaji akipanga boksi la nusu kilo. Alivaa glavu nyeupe. Zile nzito za chokoleti nyeusi aliziweka chini, akatandika karatasi laini, kisha zenye mapambo juu, zote zikitazama upande mmoja. Hakuacha hata nafasi ya kidole. Alipofunga mfuniko aliutikisa kidogo karibu na sikio, na ndani hakukuwa na kilichocheza. Ndipo akafunga utepe.

Nilinunua chache tu. Ya kwanza ilikuwa na ujazo wa njugu za heizeli zilizosagwa na sukari iliyoungua. Gamba linavunjika kwa mlio mdogo kati ya meno, kisha kila kitu kinalegea kwa pamoja. Siagi ya kokoa huyeyuka kwenye joto kama la nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, na mafundi wa hapa wamejenga kazi yao yote juu ya nyuzi hizo chache.

Jumanne, Sablon na Matonge

Uwanja wa Grand Sablon una maduka ya chokoleti yanayotazamana. Wittamer wapo tangu 1910. Pierre Marcolini, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1995, anafahamika kwa kununua mbegu mwenyewe na kuzikaanga mwenyewe, jambo ambalo wengi wa mafundi wa Ubelgiji hawafanyi. Dukani kwake kilo inavuka euro 80. Niliiandika bei hiyo daftarini nikapiga mstari chini yake, maana kwenye mkutano wa chama nitaulizwa.

Watu wengi hawajui kwamba fundi wa kawaida wa pralini hapa hashiki mbegu. Anapokea chokoleti iliyokwisha kusagwa na kukorogwa kiwandani, anaiyeyusha, anatengeneza magamba na kujaza. Kiwanda kikubwa cha kazi hiyo kipo Wieze, kijiji cha Flanders. Familia ya Callebaut ilianza hapo na kiwanda cha bia mwaka 1850, ikaanza chokoleti mwaka 1911, na mwaka 1925 Octaaf Callebaut akapata njia ya kusafirisha chokoleti ikiwa bado ya maji, kwenye tangi lenye joto. Kwa hiyo fundi mwenye chumba kimoja nyuma ya duka aliweza kushindana kwa ubunifu bila kununua mitambo ya kusaga. Kwa maoni yangu huo ndio mzizi wa wingi wa maduka haya.

Jioni mama alinipeleka Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Pondu, yaani kisamvu, samaki wa kukaanga, saluni za kusuka, Kilingala kila upande na Kiswahili hapa na pale. Karibu na Porte de Namur kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba tangu tarehe 30 Juni 2018. Mama alisimama kidogo mbele ya kibao. Anapita hapo kila wiki, na kila akipita husimama.

Jumatano, Bruges

Treni kutoka Brussels ni mwendo wa saa moja hivi. Bruges ni mji wa mifereji na matofali, na leo ulijaa watalii wenye vikombe vya chokoleti ya moto. Nilikwenda moja kwa moja Choco-Story, jumba la makumbusho lililo katika nyumba ya karne ya 15.

Historia inaanzia mbali na Ubelgiji. Wamaya na Waazteki walikunywa kokoa ikiwa chungu, na mbegu zake zilitumika kama fedha. Wahispania waliileta Ulaya. Eneo hili lilikuwa chini ya Hispania, ndiyo maana kinywaji hicho kilifika hapa mapema, katika karne ya 17, kwa makasisi na matajiri. Kisha mashine: kinu cha Mholanzi Van Houten mwaka 1828 cha kukamua siagi ya kokoa, kipande cha kula cha kampuni ya Fry ya Uingereza mwaka 1847, chokoleti ya maziwa ya Daniel Peter wa Uswisi mwaka 1875, na mwaka 1879 Rodolphe Lindt, Mswisi pia, na mtambo wake wa kukoroga kwa saa nyingi. Ubelgiji haikuvumbua hata kimoja kati ya hivyo. Ilivichukua vyote ikavitia nidhamu.

Nidhamu hiyo ina sheria nyuma yake. Tangu 1884 sheria ya Ubelgiji ilidai angalau asilimia 35 ya kokoa halisi, ili wafanyabiashara wasichanganye mafuta ya bei rahisi. Umoja wa Ulaya ulipokuja kuruhusu hadi asilimia 5 ya mafuta mengine ya mimea, mafundi wengi wa hapa walikataa, na bado wanajivunia siagi ya kokoa tupu. Pia wanasaga laini sana. Ulimi hutambua chembe zikiwa kubwa, zikiwa ndogo vya kutosha unasikia ulaini tu. Na tangu 2007 kuna kanuni ya wenye viwanda: ili iitwe chokoleti ya Ubelgiji, kuchanganya, kusaga na kukoroga sharti kufanyike ndani ya nchi. Kulima hakumo kwenye kanuni hiyo, na hakuwezi kuwamo, maana hapa hakuna mti hata mmoja wa kokoa nje ya nyumba za kioo.

Sehemu niliyokaa muda mrefu ni meza ya maonyesho. Fundi alimwaga chokoleti nyeusi ya nyuzi 45 juu ya jiwe la marumaru, kama lita mbili. Kwa mikono miwili, kikwangulio kwenye kila mkono, aliitandaza ikawa nyembamba, akaikusanya katikati, akaitandaza tena. Mwanzoni ilikimbia kama maji. Baada ya dakika chache ikaanza kuburuta na kuacha michirizi. Aligusa tone kwenye mdomo wa chini, si kwa kuonja, ni kupima: ngozi ya hapo inajua baridi kuliko kidole. Ilipofika kama 28 akairudisha kwenye bakuli la vuguvugu ipande hadi 31. Alieleza kwamba siagi ya kokoa inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na ni moja tu linalong'aa, kukatika kwa mlio na kutoka kwenye kalibu bila kung'ang'ania. Mengine huleta utando mweupe. Kupoza na kupasha huku ndiko kunakochagua umbo.

Kisha akajaza kalibu, akaigonga pembeni viputo vitoke, akaipindua juu ya bakuli. Chokoleti ikamwagika yote isipokuwa utando ulioshika kuta, na utando huo ndio gamba. Nimekula pralini tangu juzi bila kujua kwamba linapatikana kwa kumwaga.

Uwanja wa Simon Stevin nilipita duka la Dominique Persoone, The Chocolate Line, la tangu 1992. Huyu ni mtu wa majaribio, ana hadi kifaa cha kurusha unga wa kokoa puani. Kilichonivuta ni kingine: amefanya kazi na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ambako chokoleti inatengenezwa Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kwa umeme wa maji wa hapohapo. Nilimletea mama kipande chenye jina la Virunga. Aliusoma mgongo wa karatasi mara mbili, akampigia kaka yake simu ya video, akaweka karatasi mbele ya kamera. Kaka alitoka Mutwanga kwa miguu mwaka ambao waasi walichoma kijiji cha jirani. Alisema kiwanda anakijua, shemeji yake aliuza mbegu pale. "Tamu?" akauliza. Mama akamjibu, "Yaya," kama Wakongo wanavyomwita ndugu mkubwa, "tamu sana," na sauti yake ikakatika.

Alhamisi, Antwerp

Hapa ndipo magunia yanapofikia. Antwerp ni miongoni mwa bandari kubwa za kuhifadhi kokoa duniani, na kokoa inayouzwa kwa mikataba kwenye soko la London inaweza kukabidhiwa katika maghala ya hapa. Sikuingia ghalani. Niliona kwa nje, karibu na mto Scheldt, majengo marefu yasiyo na madirisha. Mwanamume mmoja wa ghalani aliyekuwa akivuta sigara nje alinieleza kwamba siku hizi nyingi huja imemiminwa tupu ndani ya kontena, bila magunia. Cote d'Ivoire na Ghana peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia, na mvua mbaya na magonjwa ya miti huko ndivyo vilivyopandisha bei mwaka 2024 hadi zaidi ya dola 10,000 kwa tani. Kyela tuliiona bei hiyo mnadani. Watu waliezeka nyumba, na wezi wa matunda shambani waliongezeka pia.

Jina la Ghana ya zamani liko kwenye kila duka la vyakula hapa: Côte d'Or, yaani Pwani ya Dhahabu, chapa iliyosajiliwa 1883, na tembo wake tangu 1906.

Katikati ya mji nilikutana na kitu ambacho mama alinionya asubuhi. Kumbukumbu maarufu ya Antwerp ni mikono midogo, ya biskuti tangu 1934 na ya chokoleti pia. Hadithi yake ni ya jitu Antigoon lililokata mikono ya mabaharia wasiolipa ushuru, mpaka shujaa Brabo akalikata jitu lenyewe mkono na kuutupa mtoni. Sanamu ya Brabo iko uwanjani tangu 1887. Hadithi ni ya kale na haikutokana na Kongo. Lakini sanamu ilisimamishwa wakati Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ameshajitwalia Kongo kama mali yake binafsi, na ndani ya miaka michache askari wa huko walikuwa wakikata mikono ya watu kweli, kwa ajili ya utomvu wa mpira. Picha zilipigwa, zipo. Boksi la mikono ya chokoleti nililishika, nikalirudisha. Nadhani mji wenye mafundi hodari namna hii unaweza kupata umbo lingine la kuuza kwa wageni.

Ijumaa Kuu, Tervuren

Ijumaa Kuu hapa ni siku ya kazi. Tramu namba 44 inapita msituni, miti mirefu isiyo na majani bado, hadi Tervuren, lilipo jumba la makumbusho ya Afrika.

Mwaka 1897 Leopold alifanya maonyesho hapa ya kuwavutia Wabelgiji wapende koloni. Palikuwa na ukumbi wa mazao, kokoa, kahawa na tumbaku, yaliyowekwa kama ushahidi wa utajiri unaokuja. Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa kwenye vijiji vya kuigiza kando ya ziwa. Saba walikufa. Jengo kubwa la sasa lilifunguliwa 1910, likafungwa kwa ukarabati wa miaka mitano na kufunguliwa tena Desemba 2018 likijaribu kusema mambo ambayo zamani halikusema. Herufi za jina la Leopold bado zimechongwa kwenye kuta.

Makaburi ya wale saba yapo kando ya kanisa, mwendo mfupi tu kutoka jumba la makumbusho. Ni mawe bapa yaliyopangwa mstari mmoja, na majina yao. Mama aliniomba nisome naye kwa sauti, tukasoma, akaimba beti mbili za wimbo wa kwao.

Ubelgiji haikujenga chokoleti yake kwa kokoa ya Kongo peke yake. Sehemu kubwa ilitoka Pwani ya Dhahabu na kwingineko, ingawa mashamba ya Mayombe, magharibi mwa Kongo, yalikuwepo. Bali utajiri uliojenga Brussels, barabara zake na mengi ya majumba yake makubwa, una mkono wa Kongo ndani yake. Nimefurahia chokoleti hii wiki nzima kwa moyo wote na nitaendelea kuifurahia, na jambo hili nitalisema kila nitakapoisimulia.

Jumamosi, Brussels

Siku niliyoingoja. Fundi mmoja mwenye karakana ndogo, kati ya wachache wanaoanza na mbegu, alikubali kunipokea ingawa ni wikiendi ya Pasaka na ana oda za mayai hadi dirishani. Nilimwekea mbegu zetu mezani. Hakuziangalia kwanza, alizinusa. Kisha akaleta ubao wenye vishimo, akapanga mbegu hamsini, akazipasua kwa urefu kwa pigo moja la kisu kipana.

Kazi hii naifanya kila msimu, kwa hiyo tulielewana bila lugha nyingi. Nyingi zilikuwa za kahawia, zenye mifereji ndani, dalili ya kuvundikwa vizuri, yaani kuachwa zichache siku kadhaa kabla ya kukaushwa. Nane zilikuwa na rangi ya zambarau, maana yake hazikuiva ndani ya sanduku. Mbili zilikuwa na harufu ya moshi. Nilimweleza kwamba mvua za Machi hadi Mei kwetu ni nyingi mno, na mkulima asiye na kichanja chenye paa hukaushia jikoni. Akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akasema moshi hauondoki kwa kukaanga wala kukoroga, mbegu mbili kwa hamsini zinatosha kuharibu pipa. Zambarau huleta uchungu unaokausha ulimi.

Halafu akanipa kipande chake cha mbegu za Tanzania, za Kilombero. Huko kampuni ya Kokoa Kamili hununua kokoa mbichi kwa wakulima na kuivundika yote mahali pamoja, kwa hiyo kila gunia lina tabia ileile. Kilikuwa na asilimia 70, mbegu na sukari tu. Kilianza na ukali mzuri kama wa zambarau mwitu, kikaishia na utamu wa zabibu kavu. Nilikitafuna polepole. Hakuna aliyetia matunda humo. Ladha hiyo ilitengenezwa Morogoro, ndani ya sanduku la mbao, siku zile ute mweupe unaozunguka mbegu unapochacha na joto kupanda. Fundi wa Brussels aliilinda tu isipotee. Yeye mwenyewe alisema nusu ya kazi inakuwa imekwisha gunia linapofika mlangoni kwake.

Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu Jumatatu. Uhodari wa Wabelgiji ni wa kweli, nimeuona kwenye marumaru na kwenye boksi. Nusu ile nyingine ni yetu, na kwetu kila kaya inavundika kivyake, wengine siku tatu, wengine saba, na walanguzi wananunua mbichi usiku kwa wanaohitaji fedha ya haraka.

Tuliongea bei. Ataanza na gunia moja, la kundi moja la wakulima, lililovundikwa siku sita na kugeuzwa kila baada ya saa 48, likakaushwa taratibu siku mbili za kwanza ili ukali wa siki utoke, bila moshi kabisa. Likimridhisha, yuko tayari kulipa juu ya bei ya soko, kupitia chama na kwa kufuata taratibu zetu za mauzo. Ramani za mashamba anazitaka pia, kwa sababu ya sheria ya Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu, na hizo tayari tumeanza kuzipima.

Nikifika nyumbani napeleka hoja tatu kwenye mkutano wa wanachama: masanduku ya mbao ya ngazi tatu kwenye kituo kimoja kwa kila kijiji, vichanja vyenye paa la nailoni kabla ya mvua za mwakani, na sehemu ya fedha za chama itengwe kuwalipa wakulima siku wanapoleta kokoa mbichi kituoni, mlanguzi asiwafikie kwanza. Vipande viwili vya Kilombero nimevifunga kwenye boksi, kwenye mzigo wa mkononi, vionjwe na wanachama wote kabla ya kupiga kura.